Msiba wa Nani?

Jumamosi hiyo nilikuwa nimefumua nusu ya kichwa. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesimama zenyewe, upande wa kushoto rasta bado zimening'inia, na kengele ya mlango ikalia. Nikajua ni mtu wa vifurushi. Katika jumba letu hapa Tottenham vifurushi vya watu wote huachwa kwangu, ati kwa sababu Mama Fanuel yuko nyumbani Jumamosi. Nikafungua mlango nikiwa na chanuo mkononi na maneno yangu tayari mdomoni.

Hakuwa mtu wa vifurushi. Alikuwa Makena, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, amebeba sufuria iliyofungwa kwa leso. Nyuma yake akina mama wa kwaya walikuwa wamejipanga ukumbini hadi kwenye lift, huyu na chupa ya chai, yule na mkate, mwingine na viti vya plastiki kichwani.

Makena akaweka sufuria chini, akanikumbatia, akakaa hapohapo bila kuniachia.

Mimi na Makena hatukuwa tunaongea. Tuligombana juu ya sare za kwaya. Yeye alitaka zambarau, mimi nikasema mbele ya watu kwamba tukivaa zambarau na hii miili yetu tutaonekana shamba la mabiringani. Akanuna, nikanuna, nikajitoa kwenye group la WhatsApp la akina mama, na tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa kidevu. Sasa mtu wa salamu za kidevu amenikumbatia mlangoni kwangu na machozi yanamlengalenga.

"Karibuni," nikasema, maana mgeni ni mgeni.

Wakavua viatu bila kuambiwa. Makena akapita moja kwa moja hadi jikoni kwangu, akawasha jiko bila kuomba ruhusa. Hapo nikajua kuna msiba.

Mimi ni mtu wa Meru, na jambo hili nalijua kwa sababu nimelifanya mwenyewe mara nyingi. Kwetu msiba hausemwi kwa simu. Mtu akifiwa na hajajua, watu hujikusanya wakaenda kwake, wakapika, wakakaa, wakaongea juu ya baridi na mabasi, mpaka afike yule anayestahili kusema, mchungaji au ndugu mkubwa. Kabla hajafika, hakuna anayefungua mdomo. Nimekaa katika sebule za watu hapa London nikiwatazama wakinimiminia chai kwa furaha ya kupata wageni, huku najua wasilolijua. Leo zamu ilikuwa yangu.

"Ni nani?" nikauliza.

"Kaa kwanza, Mama Fanuel," akasema Makena kutoka jikoni.

"Nimesema, ni nani?"

"Aki kaa tu. Umekunywa chai?"

Nikakaa. Mawazo yakaenda Nkubu kwa mama yangu, mzee sasa, mgonjwa wa presha. Tulikuwa tumeongea Alhamisi, akanilalamikia jirani aliyekata ua wake. Sauti yake ilikuwa na nguvu za kutosha kumlaani huyo jirani na ukoo wake wote. Lakini Alhamisi si leo. Nikatafuta simu nimpigie. Haikuwa mezani nilipoiacha.

Hilo nalo nilijua. Mfiwa hunyang'anywa simu kabla ya kitu kingine chochote, asije akasoma habari kwenye Facebook.

"Makena, simu yangu iko wapi?"

"Iko kwa charge."

"Wapi?"

"Mahali."

Hasira zikanipanda. Nikaamua kwamba kama hawataki kusema, basi na wasiseme. Asiyeambiwa hajafiwa. Ilimradi midomo yao imefungwa, mama yangu yuko kwenye kigoda chake anachambua maharagwe. Nikashika rasta moja nikaanza kufumua kwa nguvu. Mmoja wa akina mama akaja akasimama nyuma yangu, akanitoa vidole polepole, akaanza kunifumulia yeye. Alifumua kwa upole kama mtu anayemhudumia mgonjwa. Upole huo ulinitisha kuliko kila kitu.

Kengele ikalia tena. Nikasema moyoni, huyu ndiye msemaji. Akaingia Nusra, jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mwislamu wa Mombasa, na birika lake la kahawa. Nusra ni mtu wa kusema kitu kama kilivyo. Akaweka kahawa mezani, akanishika mkono.

"Zipporah dadangu, nimekuja kukuhani. Mola akupe subira."

Sebule nzima ikashusha pumzi. Kwao pwani wana neno zima la kazi hiyo, kuhani. Sisi wa bara tunasema tu kwenda kutoa pole, tena hatusemi mpaka wakati wake ufike. Nusra alikuwa amevunja mwiko bila kujua kama upo.

"Unanihani kwa nani, Nusra?"

Akamtazama Makena. Makena akaangalia zulia.

"Miye sijui," akasema Nusra. "Nimekutana na hawa kwenye lift, wakanambia kwako pana msiba. Nikarudi kutia kahawa."

Nikasimama na kichwa changu cha robo tatu. "Makena. Imetosha. Sema."

"Mimi nangoja mwenye kusema."

"Mwenye kusema ni nani?"

"Nilidhani ni pastor."

"Pastor alienda Nairobi wiki iliyopita," mmoja akasema kutoka kwenye kiti cha plastiki.

"Basi sijui... mimi nilidhani ni wewe unajua," Makena akamwambia huyo.

"Mimi? Mimi nilifuata sufuria yako."

Wakaanza kutazamana mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa akatikisa kichwa. Nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kukanichanganya zaidi. Sebule yangu ilikuwa imejaa watu wenye nyuso za matanga, jikoni githeri ya mahindi na maharagwe inachemka, na hakuna hata mmoja wao aliyejua nani amekufa.

"Mmebeba githeri hadi kwangu na hamjui mnamlilia nani?"

"Mtu haulizwi hivyo kwa simu!" Makena akajibu, ameumia kweli. "Ukiitwa kwa msiba, unaenda. Si hiyo ndiyo adabu? Ulitaka niulize kwa group, 'Samahani, ni nani huyo, nijue kama nitakuja'?"

Na katika hilo hakuwa na kosa. Ningekuwa mimi, ningefanya vivyo hivyo.

"Na aliyewaita ni nani?"

Akatoa simu yake, akaniletea. Ujumbe ulikuwa kwenye group la akina mama, lile nililojitoa: "Wapendwa mama zangu, tumefiwa. Tafadhali njooni Jumamosi saa tisa nyumbani kwa Mama Zipporah, mkae nasi. Femke."

Femke ni mke wa mwanangu. Ni Mholanzi, mwalimu wa watoto wadogo kule Barking, alikoolewa na Fanuel wangu, na Makena mwenyewe ndiye aliyemwingiza kwenye group. Kiswahili alijifunza darasani, na anakijua kuliko watoto wetu wengi waliozaliwa hapa, ambao ukiwaita kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Wiki hiyo hakuja kwangu. Fanuel alisema ana mafua.

Nikausoma ujumbe tena. Tumefiwa. Baba yake Femke alifariki mwaka jana. Mama yake yuko hai. Na kama ni mama yake, kwa nini aniite mimi mfiwa? Kwa nini iwe nyumbani kwangu? Na kwa nini aandike yeye, na si Fanuel?

Fanuel ndiye mtoto wangu wa pekee.

"Leteni simu yangu."

"Mama Fanuel..."

"Leteni simu yangu kabla sijamuumiza mtu!"

Ilikuwa ndani ya ndoo ya mchele. Nikampigia Fanuel, simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Punje za mchele zilikuwa zimenasa kwenye kioo, Nusra akanipangusia. Nikampigia Femke, ikaita mpaka ikakata. Mama yangu wa Nkubu nilikuwa nimeshamsahau. Hapana, sikumsahau. Nilimkumbuka vibaya: nilimwambia Mungu waziwazi moyoni, kama ni lazima uchukue mtu, mchukue mama yangu, yeye ameshakula chumvi ya kutosha, niachie Fanuel. Hivyo ndivyo nilivyosema, na ningesema tena.

Mlango haukuwa umefungwa. Femke akausukuma akaingia. Alikuwa amevaa gauni jeusi, nywele amezifunga nyuma, uso mweupe hauna damu hata kidogo. Nikatazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Fanuel yuko wapi?"

Akafungua mdomo. Sikumngoja. Sauti iliyonitoka sikujua kama ni yangu. Na akina mama, waliokuwa wamezuia kilio chao muda wote huo, wakakiangusha. Sebule yote ikalia, Makena amejishika kichwa, Nusra anaita jina la Mola, jirani wa juu anagonga sakafu kwa ufagio.

Katikati ya hayo nikaona mlangoni sanduku la vikombe, na juu ya sanduku, kichwa cha mwanangu.

"Mum? What's going on?"

Lift ilikuwa imegoma, akapanda ngazi na mzigo. Simu yake ilikuwa imeisha moto. Ni hayo tu. Nikamrukia, nikampiga kofi la bega, nikamkumbatia pamoja na sanduku lake, vikombe vikagongana ndani. Kisha nikafanya jambo ambalo likinijia sasa natamani ardhi inimeze. Nikapiga vigelegele. Nilipiga kwa pumzi zangu zote, na akina mama wakanipokea, kwa sababu anayelia na anayeshangilia hutoa sauti mahali pamoja, na sisi tulikuwa tumeshaifungua.

"Hakuna aliyekufa!" nikawaambia. "Jamani, hakuna msiba! Huyu binti amekosea Kiswahili, basi! Pakueni githeri, kuleni!"

Watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea barabarani. Makena akafuta macho kwa leso. Femke alikuwa bado amesimama palepale alipoingilia.

"Sikukosea, Mama," akasema. "Mtoto wetu amekufa."

Kicheko hakikuisha mara moja. Kiliisha hapa, kikaendelea pale kwa wale ambao hawakusikia, halafu nako kikaisha.

Nikaangalia tumbo lake. Gauni lilikuwa limelala. Nilikuwa nimemtazama usoni, nimemtazama nyuma yake nikimtafuta mwanangu, na tumbo sikuliona.

"Lini?"

"Jumatatu," akasema Fanuel, anaangalia sanduku. "Nilikuwa nitakuambia, Mum. I was going to. Sikujua unasemaje kitu kama hicho." Kisha akamgeukia mkewe, sauti imepanda. "And I told you. Nilikuambia kwetu hatufanyi hivi. Watu hawaitwi kwa sababu ya... kwa hii."

"Uliniambia umemwambia mama."

Fanuel akalishika sanduku vizuri zaidi.

Sasa sikilizeni, sikujua la kufanya. Mimi ninayejua nani huketi wapi kwenye matanga, nani hupika, nani husema, nani hushika simu ya mfiwa, nilisimama katikati ya zulia langu kama mgeni. Kwa sababu Fanuel alisema kweli. Kwetu mimba ikiharibika haiitiwi watu. Ni habari ya jikoni, inasemwa kwa sauti ya chini na wanawake wawili wanaoosha vyombo, na kesho yake hairudiwi. Akina mama nao wakasema yale yanayosemwa. Mshukuru Mungu wewe umepona. Bado ni msichana mdogo. Mungu atakupa mwingine. Na huku wanasema, mikono yao inatafuta makoti, kwa aibu, si kwa ubaya. Hakukuwa na maiti wa kusafirisha wala ukoo wa kupigiwa simu. Kwao kikao kilikuwa kimeisha kabla ya kuanza.

"Msiondoke," akasema Femke. "Tafadhali. Hamjafanya bado."

"Hatujafanya nini, mwanangu?" Makena akauliza. Alikuwa ameshavaa mkono mmoja wa koti.

Femke akahangaika na maneno. Nikamwona anatafuta Kiswahili, kinakimbia. "Kwetu liko neno la kufanya hivi. Kwa baba yangu, Kiholanzi, ni *condoleren*. Mama yangu ni Mjerumani, yeye anasema *kondolieren*. Nyumbani tulikuwa tunacheka, kwa sababu baba na mama waligombana juu ya maneno yote, lakini hilo lilikuwa moja. Limetoka kwa Kilatini. Maana yake ni kuumia pamoja na mtu."

Neno hilo nilikuwa nalijua. Baba yake alipozikwa kule Utrecht nilikwenda, na watu nisiowajua walipanga foleni wakanishika mkono mmoja baada ya mwingine wakinitamkia neno hilo, mimi niliyemwona marehemu mara moja tu siku ya harusi. Nilidhani ni karibu. Nikawa najibu asante, asante sana, natabasamu kama bibi harusi, mpaka Fanuel akanikanyaga mguu.

"Lakini kwetu," Femke akaendelea, "watu wanakuja, wanashika mkono, wanasema hilo neno. Halafu kahawa na kipande kimoja cha keki, halafu wanaenda. Baba yangu alikufa, na saa kumi na moja nyumba ilikuwa tupu. Mama yangu akaosha vikombe. Ndugu yako alipokufa, Mama, mimi nilikuwa hapa. Watu walilala juu ya hili zulia. Walikaa tu. Hata hawakusema kitu. Nikafikiri, hawa ndio wanafanya kile neno linasema." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, kama mtoto. "Nilitaka mkae."

Wawili wa kwaya walikuwa mlangoni tayari, makoti yamefungwa mpaka kidevuni. Makena alisimama na koti lake la mkono mmoja, ananitazama mimi. Wote walikuwa wananitazama. Ilikuwa nyumba yangu, na mkwe wangu, na kama ningesema neno la kuwashukuru na kuwaaga, wangeondoka wote kwa amani. Nilikuwa nimelifungulia mdomo. Nawaambia ukweli, nililifungulia mdomo.

Makena akaniwahi. Yeye ni mtu wa maombi, akikosa la kusema huomba. "Basi tuombe kwanza," akasema. "Tukimaliza, watakaoenda waende. Huyu mtoto... samahani, mama. Alikuwa na jina?"

"Jina la wapi, Makena?" nikasema. "Mtoto wa miezi mitano ana jina gani? Omba tu, Mungu anamjua."

"Ana jina," akasema Femke. "Alikuwa msichana. Hospitali walinipa nimshike, na nikamwita. Fanuel aliniambia zamani, kabla hatujaoana, kwamba kwenu jina halichaguliwi." Akanitazama. "Anaitwa Zipporah."

Kwetu Meru, binti wa kwanza wa mwanao ni wewe. Hupewa jina la mama wa baba yake, na hakuna anayeulizwa wala kushukuriwa, kwa sababu ndiyo njia. Kila mwanamke wa bara katika sebule ile alijua hivyo. Nilisikia kiti cha plastiki kikilia mtu alipokikalia kwa ghafla. Fanuel akaweka sanduku la vikombe chini, hatimaye, akajifunika uso.

Mchana mzima nilikuwa nimeuliza ni nani. Nilimpitisha mama yangu, nikampitisha mwanangu, nikamtoa mmoja sadaka kwa ajili ya mwingine. Na huyu aliyekufa kweli nilimpigia vigelegele.

Femke akavuka zulia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa baridi sana.

"Pole, Mama," akasema. "Na wewe umefiwa."

Nilitaka kumwambia anisamehe. Badala yake nikakaa chini, naye akakaa chini kando yangu, na kichwa chake nikakiweka kifuani. Nikalia, safari hii bila sauti.

"Bwana," Makena akaanza, "tunamleta mbele zako binti yako Zipporah..." Akaishia hapo. Sijawahi kusikia jina langu likiombewa pumziko, na yeye, nadhani, alikuwa ananiona mimi pale chini na hakuweza kwenda mbele.

"Litaje tena," nikamwambia.

Akalitaja tena, na wale waliokuwa mlangoni wakaanza kuvua makoti.